Namba ya Taa kwenye Kitufe cha Tata

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Chomeka, chomoa. Mara arobaini tangu asubuhi. Daftarini naandika: kimetambuliwa, kimetambuliwa, kimechelewa, kimetambuliwa. Mtu akinichungulia dirishani atasema Ngalula amerukwa na akili.

Kazi yenyewe ni hii. Ndani ya kompyuta kuna programu inayokaa mlangoni kama mlinzi. Ukichomeka kitu, kibodi au panya au flashi, inakiuliza wewe nani, inakipa jina, inakipeleka kinapotakiwa. Mfumo wetu ni wa bure, unatengenezwa na watu waliotawanyika duniani ambao wengi hawajaonana uso kwa uso. Sasa mlinzi huyo ameandikwa upya. Amepewa kumbukumbu. Kitu akishakijua, hakisahau. Mi ni mmoja wa wanaomjaribu kabla hajatolewa kwa watu wote.

Naipenda kazi hii kuliko ile inayonilisha, ya kufungua simu za watu sokoni Manika. Na wenzangu huko mbali wananipenda kwa sababu vitu vyangu ni vibovu. Wao wana vifaa vipya vinavyojibu kwa adabu. Mi nina kibodi ya mtumba iliyong'oka herufi Q, kwa sababu ile ya kompyuta yenyewe ilikunywa chai ikafa. Kasoro inayojificha kwao, kwangu inajitokeza mchana kweupe.

Ijumaa ya wiki ijayo jioni ndiyo mwisho wa kupeleka kasoro. Jumamosi toleo linatoka.

Najaribu kwenye kompyuta yangu tu. Ile ya Tata, baba yangu, siigusi. Ile ndiyo mdomo wake.

Mvua tangu saa nane. Ufa wa ukuta wa jikoni umefika dirishani.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Barua imekuja. Tulijua itakuja. Mtaa mzima uhame kabla ya mwisho wa mwezi, mgodi unapanuliwa. Na hata usingepanuliwa, chini yetu kumeshakuwa mashimo matupu. Watu wamechimba kobalti chini ya vitanda vyao, chini ya vyoo, chini ya kanisa dogo la kona. Ardhi imechoka kutubeba.

Tume itakaa Ijumaa tarehe 15 kwenye ukumbi wa parokia. Mwenye nyumba aliye na karatasi alete karatasi. Asiye nayo aje mwenyewe, aseme kwa mdomo wake nyumba alijenga lini, na nani, nani shahidi wake. Asiposema, nyumba inaandikwa haina mwenyewe, na nyumba isiyo na mwenyewe haipewi nyingine mahali pa kuhamia.

Karatasi zetu zilipotea mwaka wa kufukuzwa. Nilikuwa na miaka tisa. Walisema Wakasai kama sisi warudi kwao, na Tata wangu amezaliwa hapa hapa Kolwezi, babu yake ndiye aliyeletwa kwa gari moshi kuja kuchimba shaba. Kwao wapi. Tulilala stesheni wiki sita tukingoja mabehewa.

Na Tata hana mdomo.

Nimeandika hivyo na nimekasirika. Anao. Nilimtengenezea.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Mchana nimekaa na Tata, nimemkata kucha.

Kiharusi kilikuja miaka miwili iliyopita. Kilichukua ulimi na upande wote wa kulia. Mkono wa kushoto ulibaki na nguvu ya kubonyeza na kushika kidogo, basi. Nikachukua kisanduku cha majani ya chai, swichi ya kengele ya mlango, na kipande cha ndani ya kibodi mbovu. Ndiyo kitufe chake. Herufi zinapita kwenye kioo cha kompyuta safu kwa safu, ikifika anayoitaka anabonyeza, na mwisho kompyuta inasoma kwa sauti. Sentensi moja ni dakika kumi. Ana subira kuliko mi.

Zipo pia sentensi za tayari, nilizomwandikia mwenyewe. Nina kiu. Nigeuze. Funga dirisha. Anayoipenda ni "Bukari imepoa". Anaibonyeza hata bukari, ugali wetu, ikiwa inaunguza vidole, kisha ananitazama kwa jicho moja. Nikilalamika anaibonyeza tena. Mzee mzima.

Leo baada ya kucha ameandika: MAMA UMECHOKA. Ananiita Mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake. Nikasema sijachoka. Nilikuwa nimechoka.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Nimekwenda kumuuliza karani wa tume. Kijana mpole, miwani, kalamu tatu mfukoni. Nikamweleza hali ya Tata. Nikauliza kama naweza kusema badala yake. Hapana. Wiki iliyopita, mtaa wa jirani, walikuja wajomba wa uongo kusemea wazee ambao walikuwa wamekufa zamani. Nikauliza kama naweza kumwonyesha herufi kwenye karatasi, yeye afumbe macho ikifika ya kwake. Alifikiri sana. Akasema: "Hapana, mama. Pale mukono ya mutoto njo inasema." Yaani ni mkono wangu utakaosema, si wake.

Na mashine, kama anabonyeza mwenyewe? Hapo akakubali. Nimerudi kwa pikipiki ya taxi-moto nikiimba.

Jioni nimeandika maneno ya Tata ya siku ile. Nimeyaweka kwenye kompyuta yake, abonyeze mara nne tu amalize: Mimi ndiye mwenye nyumba. Niliijenga na mke wangu. Tulifukuzwa, tukarudi, tukaikuta imechukuliwa, tukarudishiwa. Sina deni na mtu.

Nikamsomea. Akaandika: BAADAYE. Nikamuuliza baadaye nini. Akafumba macho. Akifumba macho mazungumzo yamekwisha.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Majaribio safi. Vifaa kumi na moja, hakuna hata kimoja kilichosahauliwa. Mlinzi mpya ana akili kuliko wa zamani. Nimeandika taarifa yenye majivuno.

Niandike na hili, maana hapa hakuna anayesoma. Simpendi Mama Feza. Tangu mwezi uliopita shimo limeze nyumba yake, analala kwenye kile chumba chetu cha uani. Tata ndiye aliyeandika AINGIE. Mi ningesita. Ni watu wa kaskazini mwa Katanga, Waprotestanti, jirani zetu tangu kabla sijazaliwa, na mumewe, Tata Kasongo, alifanya kazi na Tata chumba cha taa mgodini, wanakochukulia wachimbaji taa zao za namba. Tulipofukuzwa, yeye Kasongo aliingia nyumbani kwetu siku ileile. Alisema mbele ya watu, kwa sauti, nyumba ya Mukasai sasa ni yangu. Tuliambiwa tukiwa bado stesheni. Nilikuwa naulizia begi langu la shule.

Tuliporudi baada ya miaka mitatu walitoka bila maneno. Kasongo amekufa, Mungu amrehemu. Kitanda changu walikuwa wamekilalia watoto wao.

Feza anasalimia vizuri kila asubuhi. Najibu. Sijui kusalimia vizuri zaidi ya hapo.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Ukuta umeanguka.

Nilikuwa misa ya kwanza. Nimerudi nimekuta watu wamejaa uani na vumbi jekundu bado halijatua. Jikoni hakuna. Nusu ya chumba cha Tata hakuna. Pale palipokuwa na meza yake pana shimo, na chini ya shimo ni giza na maji.

Tata alikuwa nje juu ya godoro. Feza alimburuta. Mwanamke wa miaka sabini na ushee, magoti yanalia, ameshika ncha ya godoro kwa mikono miwili akavuta hadi mlangoni, kizingiti kikamshinda, akamvuta yeye na godoro lake wakaanguka wote nje. Ukuta ukashuka. Kiwiko chake kimechubuka hadi nyama.

Nimemsafisha kile kiwiko. Nimesema asante, mara nyingi mno, kama mtu aliyekwama.

Tata mzima. Kitufe kilikuwa mapajani mwake, uzi umekatika. Kompyuta yake imekwenda na meza. Kwenye droo ya meza ndiko ilikokuwa flashi yenye mfumo wa zamani. Kompyuta yangu ilikuwa chumba cha mbele, imepona.

Analia bila sauti. Nimemfuta machozi na mchanga kwa kitambaa kimoja.

Jumatatu, tarehe 11 Machi

Tumehamia chumba cha uani, watatu. Feza ametoa kitanda chake kwa Tata bila kuulizwa.

Nimeunga uzi wa kitufe, nimekichomeka kwenye kompyuta yangu, ambayo nayo ina programu ya herufi. Kimya. Nimebadilisha tundu. Kimya. Nimefungua kisanduku, nimepuliza, nimekaza waya, nimefunga. Kimya. Programu haisemi kuna kasoro. Haisemi kitu. Ingekataa kwa sauti ningejua pa kushika.

Kurudisha mfumo wa zamani siwezi, flashi iko shimoni. Kuupakua siwezi, mnara wa simu umelala tangu mvua ya jana, Manika nzima watu wanainua simu juu kama wanaomba.

Siku nne.

Jumanne, tarehe 12 Machi

Kitufe kizima. Nimekipima kwa balbu, kinapitisha. Basi kosa ni la mlinzi.

Tata ananitazama tu. Kila akitaka kitu, mkono wa kushoto unatafuta kisanduku, unabonyeza, unangoja. Halafu anakumbuka. Leo nimehesabu mara sita halafu nikaacha kuhesabu. Nimejaribu herufi za karatasini. Alifumba macho kwenye herufi ya pili akakataa kuyafungua. Hataki mkono wangu. Namwelewa, na imeniuma.

Nimemlisha bukari na mboga ya lengalenga. Ilikuwa imepoa kweli. Hakuna aliyeniambia.

Jumatano, tarehe 13 Machi

Nimeipata. Saa nne asubuhi, miguu kwenye beseni la nguo.

Kile kipande cha ndani ya kitufe na hii kibodi ya mtumba vilitoka kwa muuzaji mmoja, siku moja, kiwanda kimoja. Kiwanda hakikujisumbua kuvipa namba tofauti. Vikiulizwa wewe nani, vyote vinajibu sifuri sifuri sifuri moja. Mlinzi wa zamani hakujali, alipokea wote. Huyu wa sasa ana kumbukumbu. Kibodi alishaijua tangu wiki iliyopita. Kitufe kikija na namba ileile, anasema moyoni huyu tunaye, anakiacha nje. Wala hamwambii mtu.

Nimemfuta kumbukumbu, nikachomeka kitufe kwanza. Kikakubaliwa. Nikachomeka kibodi, ikaachwa nje. Bila kibodi siwezi kuandika neno la siri, na kompyuta ikisinzia tu inalidai. Ukumbini itasinzia. Tata anapotafuta herufi hata mimi husinzia.

Nilikuwa nalalamika kwa sauti, kwa ukuta: namba moja, vitu viwili, namba moja, vitu viwili. Tata akaanza kugonga ubao wa kitanda. Nikageuka. Mkono wake ulikuwa kwenye mfuko wa shati, unavuta. Akatoa ile jetoni yake ya shaba, kile kisahani cha namba cha mgodini ambacho hakiachi hata hospitalini. Akakiweka juu ya kitufe. Akanitazama.

Sikuelewa. Nikakirudisha mfukoni. Akakitoa tena, akakiweka palepale. Mara tatu. Nilikuwa karibu kumfokea.

Feza alikuwa mlangoni anapepeta mchele. Akasema bila kuinua kichwa: "Ku chumba cha taa zilikuwa zinafika taa mbili za namba moja. Kiwanda kilikuwa kinakosea. Tata yako hakuwa anarudisha. Alikuwa anachonga namba ingine na musumari, ya mwenye taa."

Nimekaa chini. Ndani ya kile kipande mna nafasi ya kuandika namba. Kiwanda kiliiacha. Mi pia niliiacha, miaka miwili, kwa uvivu. Fundi wa watu huyo.

Alhamisi, tarehe 14 Machi

Umeme hakuna. Chuma cha kulehemu nimekipasha kwenye mbabula ya Feza, kati ya makaa, kikipoa narudisha. Lazima kuunganisha miguu miwili ya kile kipande, miembamba kama miguu ya sisimizi, ndipo kikubali kuandikwa. Feza alinishikia tochi. Hata kupumua alipunguza.

Nilimuuliza Tata namba gani. Swali la kijinga. Alikuwa ameshaweka jetoni juu ya meza. 417. Alivaa namba hiyo miaka thelathini.

Nimeandika 417. Nimefunga kisanduku. Nimechomeka kibodi kwanza, makusudi. Halafu kitufe.

Mlinzi akauliza. Kitufe kikajibu. Herufi zikaanza kutembea.

Tata hakubonyeza mara moja. Aliziangalia zikipita mzunguko mzima. Kisha akaandika, polepole: NIKO. Kompyuta ikasoma. Feza akapiga makofi mara moja tu, akarudi kwenye makaa. Mi nililia na sijali.

Saa kumi mnara umeamka. Nimepeleka taarifa. Nimeandika kosa la namba ni la kiwanda na la uvivu wangu, hilo sidai. Ila kunyamaza ni kosa lenu. Mkimwacha mtu nje, mwambieni, na muandike mahali kwamba alikuja.

Nimeandika upya sentensi za tayari na maneno manne ya kesho, yale ya mwanzo yote yalizama. Abonyeze mara nne tu.

Ijumaa, tarehe 15 Machi

Niandike yote kabla sijalala, kesho nitakuwa nimeanza kuyapamba.

Tumempeleka kwa mkokoteni, juu ya godoro, Feza upande mmoja na mi upande mwingine. Ukumbi umejaa. Waliokuwa mbele yetu waliambiwa nyumba isiyosimama haiandikwi. Yaani waliomezewa nyumba na shimo kabla ya barua hawamo. Nikamtazama Feza. Alikuwa anajua. Alikuja tu kusukuma mkokoteni.

Wakamwita Tata. Nikaweka kompyuta mapajani mwake, nikachomeka kitufe, nikarudi nyuma hatua tano kama karani alivyotaka. Kilitambuliwa. Nikaona maneno yangu manne yamepangwa juu ya kioo, tayari. Bonyeza tu, Tata.

Hakubonyeza. Aliyaacha yapite. Akaenda kwenye herufi.

Nilidhani amekosea. Nikataka kusogea. Karani akaniinulia kidole. Nikasimama pale nimeshika mikono yangu mwenyewe.

Herufi moja. Nyingine. Watu walikohoa, wakatoka, wakarudi. Mtu mmoja alisema huyu mzee atatulaza hapa. Mwenyekiti wa tume, mama mmoja mwenye mvi, akamwambia anyamaze au atoke. Kompyuta ilisinzia mara mbili. Mara mbili karani aliniruhusu kuingiza neno la siri, akisimama juu yangu aone sigusi kingine. Zaidi ya saa moja na nusu. Jasho la Tata lilikuwa linadondoka kwenye kisanduku cha chai na nilikatazwa kulifuta.

Halafu ikasoma. Ile sauti mbaya ya kompyuta inayokanyaga maneno yetu kama mgeni. Nayaandika kama yalivyokuwa, gare ni ile stesheni:

NYUMBA NI YANGU. NILIJENGA NA BIBI YANGU. KU GARE NILIPATIA KASONGO FUNGUO. NI MI NILIMUOMBA ASEME AMENYANGANYA. ALITUCHUNGIA. SHAHIDI NI FEZA. MUANDIKE FEZA PAMOJA NA MI.

Mwenyekiti akamwuliza Feza ni kweli? Feza alikuwa amejifunika uso kwa kitenge. Akasema: "Tulisemaka tumeinyanganya. Kama tungesema tunabachungia, bangetuchoma nayo." Akateremsha kitenge: "Tata alisema tusimuambie mutu. Hakurudia kutufungulia."

Miaka thelathini. Feza alikuwa anangoja afunguliwe kinywa. Na Tata alidhani ameshafungua, au aliona haya, au alikuwa anangoja siku, sijui. Baada ya kiharusi hakuweza. Na nilipompa mdomo, niliujaza sentensi zangu.

Tukaikuta imechukuliwa. Mi ndiye niliyeandika hivyo. Angebonyeza mara moja tu, ingebaki hivyo kwenye daftari la serikali.

Wameandika majina mawili.

Njiani nilisukuma upande wangu na sikuweza kumtazama Feza. Nikasema, Mama, unisamehe. Akasema kiwiko kinamuuma, nisukume kwa nguvu.

Jumamosi, tarehe 16 Machi

Toleo halijatoka. Wameliahirisha siku tatu kwa sababu ya taarifa yangu. Kiongozi wa majaribio ameandika kwamba kuanzia sasa mlinzi akiona wawili wenye namba moja atampokea wa pili kwa jina la muda na ataandika kwenye kumbukumbu kwamba alikuja. Ameuliza kile kifaa changu cha 417 ni cha kampuni gani, hakioni kwenye orodha yake. Sijajibu. Nimecheka mpaka Tata akageuka.

Nimemuuliza Feza habari za kitanda changu cha utotoni. Amesema watoto wake watatu walilala humo kwa sababu kitanda kitupu kingeonyesha kwamba nyumba inangoja wenyewe. Begi langu la shule alilichoma yeye mwenyewe jikoni, lilikuwa na jina langu. Ameomba radhi kwa begi.

Kwa begi.

Jumatano, tarehe 20 Machi

Tumefunga vitu. Ni vichache, shimo lilitusaidia kuchagua. Feza ametoa ufunguo kwenye fundo la kitenge. Ule wa stesheni. Waliporudisha nyumba walirudisha nakala, huu wa kwanza ukabaki, mumewe alisahau na baadaye wakaona aibu kuuleta. Mlango wake haupo tena.

Tata aliushika muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono wake ule wa kushoto hadi ukaangukia mkono wa Feza, akaurudisha ufunguo humo.

Sikupiga picha. Nimeandika tu hapa.

Jumapili, tarehe 24 Machi

Barabara ya Fungurume, nyumba tatu toka kisima. Vyumba vitatu. Chokaa bado inanuka. Feza ana chumba chake chenye mlango wake, na tumetoboa dirisha kati yake na jikoni ili tusitembee tukiulizana chumvi. Hakuna ufa. Nimekagua kila ukuta kwa kiganja.

Toleo liko nje tangu Jumanne. Nimeliweka. Chomeka, kimetambuliwa. Mara moja tu, sikurudia.

Mchana, Tata akiangalia, nimefungua faili ya sentensi zangu za tayari. Nimemwambia nafuta zote, aseme ya kwake, nitangoja. Nikaanza kufuta. Nina kiu. Nigeuze. Funga dirisha. Akagonga ubao wa kitanda. Nikasimama. Akaandika: ACHA MOJA.

Sikuuliza ipi.

Nikasonga bukari, nikamwekea Feza sahani yake dirishani, nikampelekea Tata yake. Ilikuwa inatoa mvuke. Akabonyeza mara moja. Nikairudisha motoni.